Thelathini kwa Mia

Mimi ni mtu wa majedwali.
Ghorofa ya tatu, biro ya manunuzi ya jimbo,
dirisha linatazama bomba la moshi na kilima chake cheusi.
Nahesabu leta imenunua nini, na kwa nani.

Mwaka huu karatasi ilishuka kutoka juu:
katika kila madawati mia ya shule
thelathini yatoke kwa wadogo,
karakana za wanawake, za walemavu,
za vijana wasio na mjomba serikalini.
Tulipiga makofi. Soda zilifunguliwa.
Mkuu akasema, "Lengo ni lengo,"
nami nikaliandika kwenye safu yake
kwa wino wa kijani.

Kisha wadogo wakaanza kupanda ngazi.

Walitakiwa cheti cha kodi, barua ya banki,
dhamana ya miezi mitatu,
picha ya karakana yenye kibao na lango,
nakala tano, kila nakala na kashe yake.
Kashe moja ni bei ya unga wa siku mbili.
Mmoja, anayefanyia kazi chini ya turubai kule Ruashi,
alipiga picha turubai.
Nikamrudishia. Sheria si yangu.

Wiki ya pili zikaja dosie nzuri mno,
zimefungwa kwa plastiki, bado zina joto la mashine.
Majina manne ya wanawake.
La kwanza nalijua: nilikula bukari kwenye arusi yake,
na bwana arusi alikuwa mkuu wangu.
La pili lina sahihi ya mwanamume.
La tatu na la nne wana simu moja,
na ukipiga anaitika karani wa kampuni kubwa ya mjini,
ile inayoleta madawati ya plastiki
kwa makontena, kupitia Kasumbalesa.

Nilikuwa na mkate mdomoni.
Nikaendelea kutafuna.

Alhamisi, mvua ya kwanza baada ya vumbi lote lile,
nikasikia kitu kinagonga ngazi:
vidato vitatu, pumziko. Vitatu, pumziko.
Mwewa Kaseba, seremala wa Katuba,
na Numbi mchomeleaji, gongo kwapani,
wanapandisha dawati.

"Kashe hatuna," akasema Mwewa. "Tuna hili."

Mbao za mulombwa, nyekundu,
zimepigwa randa hadi zikawa kama shavu.
Miguu ya chuma chakavu cha mgodini.
Na kwenye kona, kitu ambacho hakuna fomu inayokiuliza:
kishimo cha kalamu, ili isibiringike.
"Likivunjika, nakuja mwenyewe na nyundo.
Ya kontena yakivunjika, mtamwita nani?"

Nikamwambia siwezi kupokea kitu.
Hapa tunapokea karatasi.
Hakugombana. Alifuta maji juu ya ubao
kwa ncha ya kitenge chake, polepole, hadi pembeni,
akasema, "Basi libaki.
Kulishusha kunataka mikono mingine."
Numbi alikuwa ameshaanza kushuka,
akihesabu vidato kwa sauti.

Limebaki, kati ya kabati na ukuta.
Wenzangu huliwekea makoti.

Leo robo ya mwaka inafungwa.
Mkuu ameandika kwa penseli pembeni mwa jedwali:
Weka 31. Tumevuka.
Umeme umekatika, wote wamekwenda,
nami nimesogeza makoti nikakaa,
magoti karibu na kidevu,
kama mtoto aliyebakizwa darasani.

Hesabu naijua. Nilijifunza Katuba hiyo hiyo,
nimekaa juu ya tofali, daftari mapajani:
wanne, toa mke wa mkuu,
toa mwanamume,
toa wawili wa simu moja.
Jibu lake ni duara.

Nimeiweka kalamu kwenye kishimo.
Kweli, haibiringiki.
Naichukua tena.